Gesi Haiishi, Huvuja: Risasi na Silva katika Viungo vya Friji Nachingwea na Ruangwa

"Fundi, gesi imeisha." Maneno haya husemwa kila siku mbele ya vibanda vya mafundi friji, Nachingwea, Ruangwa na kwingineko nchini. Fundi anaitikia, anafungua mtungi, anajaza, anapokea hela yake. Mwezi mmoja au miwili baadaye friji inarudi na maneno ni yaleyale. Lakini gesi ya friji si gesi ya kupikia. Haiungui wala haichakai. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa tangu kiwandani, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, miaka yote ya uhai wa friji. Ikipungua, kuna mahali imetokea. Mara nyingi mahali hapo ni kwenye kiungo, pale bomba mbili zilipokutanishwa kwa moto na kwa madini ya tatu.

Ndiyo maana swali wanalobishania mafundi, la kuunga kwa risasi au kwa silva, linamhusu pia mama muuza juisi ya ukwaju, mwenye duka la soda na muuguzi anayetunza chanjo. Jibu la haraka lipo na nitalitoa. Ila jibu la haraka peke yake halitoshi kwa mafundi wa wilaya hizi mbili, kwa sababu nyuma ya ubishi wa risasi na silva kuna jambo jingine linaloharibu friji nyingi zaidi, nalo halitajwi sana.

Tuanze na majina, maana yanapotosha. Risasi, kwa lugha ya kibandani, ni waya laini wa kijivu unaoyeyuka kwa moto mdogo. Siku hizi waya huo unaweza usiwe na risasi hata chembe, ukawa bati lenye fedha kidogo. Silva nayo ni fimbo ngumu inayotaka moto mkali, lakini nyingi zinazouzwa madukani ni shaba iliyochanganywa na fosforasi, fedha yake ikiwa asilimia 5 au haimo kabisa. Kwa hiyo usimpime fundi kwa jina la fimbo. Mpime kwa joto. Chama cha uchomeleaji cha Marekani kimeweka mpaka kwenye nyuzi 450 za Selsiasi: madini ya kuungia yakiyeyuka chini ya hapo, huko ni kulehemu kwa kawaida, yakiyeyuka juu ya hapo ni kazi nyingine, ile ambayo mafundi wetu huiita ya silva. Katika zote mbili bomba lenyewe haliyeyuki. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na kinachoyeyuka ni yale madini ya tatu yanayopenya katikati.

Umbali kati ya hizo mbili ni mkubwa. Risasi iliyochanganywa na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Bati lenye fedha kidogo huyeyuka kuanzia 221. Fimbo ya shaba na fosforasi isiyo na fedha haianzi kuyeyuka mpaka 710, na hutiririka vizuri inapokaribia 800. Ukiitia fedha asilimia 15 huanza kulainika karibu na 645, na silva yenyewe hasa, yenye fedha asilimia 45, humaliza kuyeyuka kabla ya 750. Ufundi huu wa moto mkali si mgeni pwani kwetu. Sonara wa Lamu au Unguja anayeunga bangili haipaki risasi. Anatumia fedha iliyochanganywa na shaba, anaipuliza moto mpaka iwe nyekundu, nayo inakimbilia kwenye ufa. Fundi friji na sonara wanafanya kazi ya ukoo mmoja.

Kwa nini niseme Nachingwea na Ruangwa, wakati friji ni friji popote? Kwa sababu ya mazingira yanayozipeleka kwa fundi. Huku hela ina msimu. Minada ya korosho ya chama kikuu cha ushirika RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ikianza Oktoba, nyumba nyingi hupata fedha za mkupuo, na friji ni miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa. Miezi hiyohiyo ndiyo ya joto kali. Siku timu ya soka ya Namungo inapocheza nyumbani katika Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa, kila friza mjini hufanya kazi ya friza mbili. Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilitegemea mitambo ya Mtwara inayotumia gesi asilia ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya Taifa, na laini inayosafiri mbali kufika wilayani hupoteza volti njiani. Volti ikishuka, kompresa hujaribu kuwaka na kushindwa, hujaribu tena, huchemka, na mwisho koili zake huungua.

Kompresa ikifa na kubadilishwa, fundi analazimika kuunga viungo vitano: bomba la kuvuta, bomba la kusukuma, bomba fupi la kujazia gesi, mdomo wa filta mpya, na upande wa pili wa filta hiyo ambako mrija mwembamba wa kapilari huingia. Cha sita ni ncha ya bomba la kujazia, inayobanwa na kuzibwa mwishoni. Kwa hiyo kila umeme unapoua kompresa moja, viungo vitano au sita vipya huzaliwa mikononi mwa fundi, mbali na kiwanda, mara nyingi chini ya mwembe na upepo ukivuma.

Sasa jibu la haraka. Kwa bomba zinazobeba gesi ya friji, unga kwa silva. Sababu ziko wazi ukizipanga.

Ya kwanza ni shinikizo likiwa pamoja na joto. Watu wengi wenye mkono mzuri wa risasi wameupatia kwenye rejeta za magari, zile za zamani za shaba. Kazi hiyo ni ya heshima na risasi inaiweza, kwa sababu kifuniko cha rejeta huachia shinikizo kwenye psi 13 hadi 16 tu, pungufu ya upepo wa tairi la gari dogo. Friji ni dunia nyingine. Novemba hewa ya Nachingwea ikiwa na nyuzi 33 au 35, gesi kwenye kondensa la nyuma ya friji, hasa iliyobanwa ukutani, inaweza kufika nyuzi 55. Gesi ya R134a kwenye joto hilo inasukuma kwa psi 200 hivi. R22 ya viyoyozi vya zamani inasukuma kama psi 300. Na R410A ya viyoyozi vya sasa hupita 400 hata kwenye nyuzi 50. Bomba linalotoka kompresa huwa moto kuliko hapo, hufika nyuzi 80, 100 na zaidi, kiasi cha kuunguza kidole.

Weka takwimu hizo kando ya hizi. Majedwali ya uhandisi ya Marekani ya viungo vya bomba za shaba yanaipa risasi ya nusu kwa nusu, kwenye bomba lisilozidi inchi moja, kikomo cha psi 200 kwa joto la nyuzi 38. Joto likifika nyuzi 93, kikomo kinashuka hadi psi 100. Maana yake, kwenye bomba la kusukuma la friji ya R134a, kiungo cha risasi kinabebeshwa mara mbili ya mzigo unaoruhusiwa, mchana kutwa, miezi yote ya joto. Siku ya kwanza kinaweza kushika. Risasi haivunjiki ghafla, hulegea polepole, ikinyumbuka kidogo kila kompresa inapowaka. Fundi anapaka sabuni, haoni povu, anakabidhi. Baada ya wiki sita mteja anarudi na ile sentensi ya gesi imeisha.

Ya pili ni mtikisiko. Kompresa hukaa juu ya mipira yake, na kila inapowaka na kuzima hujirusha kidogo. Bomba zake hutikisika pamoja nayo maelfu ya mara kwa mwaka. Kiungo cha shaba na fosforasi kilichopenya vizuri huwa na nguvu sawa na bomba lenyewe au kulizidi. Kiungo cha risasi huchoka.

Ya tatu naiona nzito kuliko zote, nayo inahusu dawa. Risasi haishiki shaba bila dawa ya kusafishia, ile mafundi huiita fluksi, na dawa nyingi za risasi ni za asidi au chumvi ya zinki. Kwenye bomba la maji si tatizo, maji hulisafisha. Kwenye friji, tone lililoingia ndani halina pa kutokea. Linakutana na mafuta ya kompresa na unyevu kidogo, linazunguka, na baada ya muda linakula vanishi ya waya za mota. Fimbo ya shaba na fosforasi ikitumika shaba kwa shaba haihitaji dawa yoyote, kwa sababu fosforasi yenyewe husafisha kutu ya shaba inapoyeyuka. Kiungo hicho hakina kitu cha kigeni cha kuacha ndani.

Watetezi wa risasi wasipuuzwe, kwa kuwa wana hoja na baadhi ni mafundi wazuri. Wanasema bati lenye fedha ni imara mara kadhaa kuliko risasi ya zamani, na ni kweli. Wanasema moto mkali huilainisha shaba na kuipunguzia nguvu. Ni kweli pia, ila bomba la friji linalouzwa kwa kukunjwa kama kamba tayari lilishalainishwa kiwandani, kwa hiyo hoja hiyo haina uzito hapa. Wanasema moto mkali huharibu vali na raba zilizo jirani. Kweli tena, na dawa yake ni kitambaa kilicholowa kuzungushwa kwenye vali kabla ya kuwasha tochi. Na wanasema jambo moja zaidi, kwamba moto mkali hutengeneza masizi ndani ya bomba na moto mdogo hautengenezi. Hapo wamegusa kidonda, na nitalirudia.

Risasi ina mahali pake halali ndani ya friji, na ni vizuri fundi kijana akapafahamu. Kwenye friji nyingi mrija wa kapilari hulazwa sambamba na bomba la kuvuta na kushikishwa nalo kwa risasi kwa urefu fulani, ili baridi inayorudi kwenye kompresa ipoze kimiminika kinachokwenda kwenye friza. Pale risasi haizuii shinikizo lolote. Kazi yake ni kupitisha joto, na inaifanya vizuri. Bati lenye fedha linaweza pia kuvumilika upande wa baridi, kwenye kiungo kisichotikisika, mahali ambapo moto mkali ungeyeyusha plastiki, mradi dawa ipakwe nje tu baada ya bomba kuingizwa. Nje ya hapo sioni sababu ya kuitumia.

Ukifuata ushauri wa silva bila kuangalia madini ya bomba, unaweza kuharibu zaidi. Bomba za shaba, au kopa kama mafundi wanavyosema, haziko peke yake kwenye friji. Kondensa la nyuma, lile lenye rangi nyeusi, mara nyingi ni chuma. Vishina vya kompresa vinavyong'aa kama kopa mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba juu. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, iguse pale. Ikinasa, acha fimbo ya fosforasi. Fosforasi na chuma hutengeneza utando mgumu unaovunjika kama kigae. Kiungo kinatoka kizuri machoni, kinang'aa, hakivuji siku hiyo, kisha mtikisiko wa kompresa unakipasua. Chuma kinataka silva hasa, yenye fedha asilimia 40 na kuendelea, pamoja na dawa yake nyeupe ya kupaka. Fimbo hiyo ni ghali, lakini kiungo kimoja cha friji hakimalizi hata sentimita tano.

Hapa nitoe angalizo la afya. Fimbo za silva za aina ya zamani zilikuwa na kadimiamu, iliyotiwa ili ziyeyuke upesi. Moshi wake huharibu mapafu na umeshaua mafundi. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2011. Fimbo isiyo na maandishi yoyote, iliyotoka kwenye boksi la mtu aliyestaafu, isipewe nafasi kwenye kibanda chenye kuta tatu.

Na alumini? Friza nyingi ndogo zina sahani ya alumini yenye njia za gesi ndani, na adui yake mkubwa ni kisu. Mtu ana haraka, barafu imekuwa nene, anachokonoa, anasikia fsss. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ikigusana na shaba kwenye joto la 548 tu huanza kuyeyuka pamoja nayo na kuwa kitu kinachokatika kirahisi. Silva haifai, risasi haishiki. Kuna fimbo maalumu za zinki na alumini, kuna gundi ngumu za kuchanganya, na kuna pete za kubana. Kwa kisa hiki kinga ni rahisi kuliko tiba zote: zima friza, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani, subiri.

Sasa mtazame fundi anayejua akiunga filta. Anakata bomba kwa kikata cha gurudumu na si kwa msumeno, kwa sababu vumbi la msumeno litaishia kwenye kapilari, na tundu la kapilari halizidi milimita moja. Anasugua ncha kwa msasa mpaka shaba iwe na rangi ya waridi. Anaingiza bomba ndani ya jingine kiasi cha kina cha kucha ya kidole gumba au zaidi, akihakikisha nafasi kati yao ni ndogo sana, sehemu ya kumi ya milimita hivi. Kapilari anaisukuma ndani ya filta mpaka ipite kiungo kwa sentimita moja na nusu au mbili, bila kuigusisha wavu wa filta, ili madini yakiyeyuka yasifike mdomoni mwake. Anawasha tochi na kurekebisha mpaka koni ya ndani iwe ya buluu na tulivu. Kisha anachoma bomba, si fimbo. Analizungusha moto kote, akilenga zaidi upande mnene, maana kapilari ni nyembamba na huyeyuka upesi. Shaba inakuwa nyeusi, kisha inang'aa nyekundu iliyofifia. Hapo ndipo anagusisha fimbo, na kama joto limetosha, fimbo inatoweka kwenye ufa kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Anausogeza moto kidogo, madini yanaufuata, kwa sababu huenda kule kwenye joto zaidi. Pete nyembamba inabaki mdomoni mwa kiungo. Kama fimbo imejikusanya nje kama nta ya mshumaa, bomba lilikuwa baridi na ndani hakuna kitu.

Kwa bomba za robo inchi za friji ya nyumbani, mtungi mdogo wa gesi ya mkononi unatosha fundi akijikinga na upepo. Kwa bomba za viyoyozi za robo tatu inchi unahitaji oksijeni pamoja na asetilini au gesi ya kupikia. Watu wengi huona hili ndilo tatizo la wilayani, kwamba moto mkali ni mgumu kupatikana na ndiyo maana risasi inaendelea. Mimi nadhani wamekosea mahali pa kutazama. Oksijeni ipo: magereji huitumia, hospitali huitumia. Kinachokosekana kibandani ni mtungi wa naitrojeni.

Nilisema nitarudi kwenye masizi. Shaba ikichomwa mpaka nyekundu huku ndani ya bomba mna hewa ya kawaida, ukuta wa ndani huungua na kutoa utando mweusi. Mtu akitazama kiungo kwa nje haoni kitu. Gesi inapoanza kuzunguka, utando huo humeguka vipande vidogo, husafiri na mafuta, na hukwama kwenye wavu wa filta au mdomo wa kapilari. Friji iliyotengenezwa vizuri, isiyovuja hata povu moja, inaanza kugandisha nusu tu ya friza. Kompresa inachemka. Fundi anaambiwa gesi imepungua, anaongeza, hali inazidi. Pasua filta ya friji kama hiyo na uigonge kwenye karatasi nyeupe, utaona unga mweusi. Huo ulitoka kwenye viungo vya fundi mwenyewe.

Kwa hiyo watetezi wa risasi walikuwa na haki kwenye hoja hii moja: silva bila naitrojeni inaondoa tatizo la kuvuja na kuleta la kuziba. Naitrojeni ikipitishwa taratibu ndani ya bomba wakati wa kuunga, kwa psi 2 au 3 tu, kiasi cha kuuhisi upepo wake kwenye shavu, hufukuza oksijeni na ukuta wa ndani hubaki na rangi ya waridi kama ulivyokuwa. Upande wa pili lazima uachwe wazi, la sivyo shinikizo litayapuliza madini nje ya ufa. Hiyo ndiyo siri nzima, na haigharimu zaidi ya dakika chache za gesi.

Mtungi huohuo unafanya kazi ya pili. Baada ya kuunga, mfumo unapaswa kujazwa naitrojeni kavu kwa shinikizo kubwa na kuachwa, geji ikitazamwa, kabla ya gesi yoyote kuingia. Asiye na naitrojeni hujaribu kwa gesi yenyewe, ambayo akiiachia hewani anaharibu tabaka la ozoni au kuongeza joto la dunia. Tanzania iliridhia Itifaki ya Montreal mwaka 1993, na marekebisho yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016 yamezigusa hata gesi za kundi la R134a. Wengine hujaribu kwa hewa ya kujazia matairi, yenye unyevu utakaoganda kwenye kapilari. Na kuna jaribu la tatu ambalo nalisema kwa herufi nzito: usijaze oksijeni kwenye friji kupima kama inavuja. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Mafundi wamekufa kwa njia hii katika nchi nyingi, na pale oksijeni ilipo karibu na naitrojeni iko mbali, kishawishi kinakuwa kikubwa.

Kazi ya tatu ya mtungi huo ni mpya na inakua kila mwaka. Friji nyingi mpya zinazopakuliwa madukani leo hazina R134a bali R600a. Hii ni gesi inayowaka, ndugu wa gesi ya kupikia, na ikifika chini ya asilimia 2 tu ya hewa inaweza kushika moto. Friji hubeba kidogo, gramu thelathini hadi themanini hivi, na shinikizo lake ni nusu ya R134a, karibu psi 100 kwenye nyuzi 55. Mtu angedhani risasi imepata nafasi tena. Haijapata. Upande wa baridi wa friji hizi hufanya kazi chini ya shinikizo la hewa ya nje, kwa hiyo kiungo dhaifu hakitoi gesi bali kinavuta ndani hewa na unyevu. Na tatizo kubwa ni moto wenyewe: hata gesi ikishatolewa, nyingine hubaki imeyeyuka kwenye mafuta ya kompresa na hutoka polepole dakika baada ya dakika. Ukikata bomba na kuwasha tochi hapo, miali hurudi usoni mwako. Kwa friji hizi, risasi na silva zote ni swali la pili. La kwanza ni je, mfumo umesafishwa kwa naitrojeni? Kama haujasafishwa, usiwashe moto. Bora pete za kubana bila moto, kama zile za Lokring kutoka Ujerumani.

Nitaje na friji za chanjo, ambazo hazipaswi kutoka kati ya nyuzi 2 na 8. Mpango wa Taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na zahanati nyingi ziliishi miaka mingi na friji za mafuta ya taa. Hizo zilitumia amonia, na kwa kuwa amonia hula shaba, bomba zake zilikuwa chuma kitupu, zimefungwa kiwandani. Hakuna fundi wa risasi wala wa silva aliyekuwa na la kufanya kwake. Friji za jua zinazochukua nafasi yake zina kompresa na bomba kama za nyumbani, nyingi zikiwa na R600a. Kwa mara ya kwanza, ubora wa kiungo cha fundi wa wilayani unaweza kugusa kinga ya mtoto.

Nachingwea ni mji unaojua gharama ya mitambo isiyo na huduma jirani. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 uliujaza matrekta na kuuletea reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Sitaki kulazimisha mfano, lakini kutoka hapa mpaka viwanda vya gesi vya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na fundi mmoja mwenye friji tano kwa mwezi hawezi kusafirisha mtungi wake peke yake. Mafundi kumi wanaweza. Mtungi mmoja mkubwa wa naitrojeni wenye rekodi ya nani kautumia, ukikaa kwenye chuo cha VETA kilichojengwa Nandagala wilayani Ruangwa au kwa fundi anayeaminika mjini Nachingwea, ungetosha viungo vingi mno, kwa sababu kila kiungo hula kidogo sana.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Fundi mwenye hela ya kitu kimoja tu mwaka huu asinunue fimbo yenye fedha nyingi. Fimbo ya shaba na fosforasi yenye fedha asilimia 5 inamtosha kwa kopa kwa kopa, na vipande vichache vya silva ya 45 vinamtosha kwa chuma. Hela inayobaki ichangie mtungi wa naitrojeni na geji yake.

Nawe mwenye friji, nyuma ya friji, kwenye kompresa, kuna kibandiko chenye jina la gesi. Kisome leo, wakati friji bado nzima. Kama kimeandikwa R600a, mwambie fundi kabla hajawasha tochi.